Gari Kuukuu la Mtumba: Pima Kwanza, Nunua Kipuri Baadaye

Anayenunua gari la mtumba lenye umri wa miaka kumi na mitano au ishirini hununua pamoja nalo historia ya matengenezo ambayo haikuandikwa popote. Nchini Japani gari dogo la abiria hukaguliwa kwa lazima miaka 3 baada ya kusajiliwa likiwa jipya, kisha kila baada ya miaka 2. Likishafika Dar es Salaam na kupita mikononi mwa wamiliki wawili au watatu, ukaguzi wa namna hiyo hukoma, na mahali pake huingia matengenezo ya dharura: kipuri hubadilishwa siku gari lilipokwama, waya huungwa usiku kando ya barabara, na kilichofanyika hubaki katika kumbukumbu ya fundi mmoja tu. Kenya imeweka kikomo cha miaka 8 kwa magari yaliyotumika yanayoingizwa nchini, ilhali Tanzania huyatoza ushuru zaidi yaliyo makuukuu badala ya kuyakataza, na kwa sababu hiyo barabara zetu zina magari mengi yaliyokwisha kuvuka umri ambao mipira, plastiki na viungo vya umeme vilitarajiwa kudumu.

Mwongozo huu unafuata mfano wa Toyota IST ya toleo la kwanza, lililoanza kuuzwa mwaka 2002, lenye injini ya 1NZ-FE ya sentimeta za ujazo 1,496. Nimeichagua kwa kuwa ndiyo ninayoimiliki, na kwa kuwa injini hiyo hiyo imo pia katika Probox, Raum, Allex, na baadhi ya Vitz, Premio na Allion, kwa hiyo maelezo mengi yatamfaa msomaji mwenye gari jingine. Msimamo wangu ni mmoja tangu mwanzo: fedha nyingi zinazopotea katika gari kuukuu hazipotei kwa sababu ya ubovu wenyewe, zinapotea kwa kubadilisha vipuri kwa kubahatisha.

Vifaa vya kuanzia

Nunua multimita ya kawaida yenye uwezo wa kupima volti, ampea hadi 10 na ukinzani. Nunua pia kifaa kidogo cha kusoma kodi za hitilafu, yaani namba ambazo kompyuta ya gari huhifadhi inapogundua ubovu, kile kinachochomekwa kwenye tundu la pini 16 chini ya usukani na kuwasiliana na simu. Jambo moja lijulikane mapema: magari mengi yaliyotengenezwa kwa ajili ya soko la ndani la Japani katika miaka hiyo hayazungumzi na vifaa vya bei nafuu, kwa hiyo programu ikishindwa kuunganisha usidhani kwamba kompyuta ya gari imekufa. Katika Toyota za wakati huo ipo njia ya kale: swichi ikiwa imezimwa, unganisha kwa kipande cha waya pini namba 4 na namba 13 za tundu hilo, kisha washa swichi bila kupiga stata, na taa ya injini itamweka kwa mpangilio wa tarakimu mbili, kwa mfano mara mbili, kituo, kisha mara tano, maana yake kodi 25. Taa ikimweka mfululizo kwa mwendo mmoja bila vituo, hakuna kodi iliyohifadhiwa. Hesabu pini kwa makini mara mbili kabla ya kuunganisha, kwa sababu pini namba 16 hubeba umeme wa betri moja kwa moja na kosa hapo huunguza.

Mbali na hivyo viwili, inatosha kuwa na tochi, brashi ya waya, seti ya spana na daftari. Daftari ni kifaa kama vingine, na nitalirejea.

Joto la injini

Naanza na joto kwa sababu ndilo linaloua injini nyingi zaidi, na huziua kupitia mambo madogo ambayo yangezuilika kwa gharama ndogo. Injini hizi hufanya kazi vizuri zikiwa na joto la karibu nyuzijoto 90 za Selsiasi. Maji ya kupoozea hayachemki katika nyuzijoto 100, kwa kuwa mfumo umefungwa na una shinikizo: kifuniko cha rejeta kilichoandikwa 0.9 au 1.1 hushikilia shinikizo la kiasi hicho na kupandisha kiwango cha kuchemka hadi karibu nyuzijoto 120. Mpira wa kifuniko ukichakaa, shinikizo hupotea, maji huchemka mapema, na dereva huona gari limechemsha ingawa rejeta, feni na pampu ni vizima. Kwa hiyo kifuniko kiwe cha kwanza kukaguliwa. Kifungue injini ikiwa baridi kabisa, tazama kama mpira wake una mikunjo, nyufa au ugumu, na ukitilia shaka weka kipya chenye namba ile ile. Hakuna kipuri rahisi kuliko hicho katika mfumo mzima.

Kinachofuata ni feni. Katika magari haya feni huendeshwa kwa umeme na haina budi kuzunguka mara tu unapowasha kiyoyozi injini ikiwa inanguruma. Isipozunguka, kagua fyuzi yake, kisha badilishana rilei yake, yaani swichi ndogo inayoendeshwa kwa umeme, na nyingine ya aina ile ile iliyo katika boksi hilo hilo, kisha pima kama umeme unafika kwenye soketi ya mota. Umeme ukifika na mota isizunguke, mota imekufa. Usipofika, kosa liko kwenye rilei, waya au sensa ya joto, na si haki kulinunulia gari feni mpya. Mafundi wengi hukata shauri kwa kuiunga feni moja kwa moja na swichi ili izunguke wakati wote. Njia hiyo huficha ubovu, humaliza mota kabla ya wakati wake, na siku mota itakapokufa dereva hatapata dalili yoyote ya kumtahadharisha.

Kosa jingine lililozoeleka, nalo linanisikitisha kila nikilikuta, ni kuondoa themostati, valvu inayofungua njia ya maji ya kupoozea injini ikipata joto, kwa hoja kwamba nchi yetu ni ya joto. Themostati haikuwekwa kwa ajili ya baridi peke yake. Kazi yake ni kuifikisha injini katika joto lake la kazi na kuidumisha hapo. Bila yake, katika mwendo wa barabara kuu injini hubaki baridi mno, kompyuta huendelea kuongeza petroli kama vile gari limewashwa sasa hivi, na oili hujikusanyia unyevu na mabaki ya mafuta yasiyoungua. Tena, katika injini ambazo themostati hufunga pia njia fupi ya maji inapofunguka, kuiondoa huacha sehemu ya maji ikizunguka bila kupitia rejeta, na hapo injini inaweza kuchemka zaidi kuliko awali. Ukiishuku themostati, ipime nyumbani: ining'inize kwa uzi ndani ya sufuria ya maji bila kugusa kitako, weka kipimajoto, bandika jikoni na utazame. Ile ya 1NZ-FE huanza kufunguka katika nyuzijoto 80 hadi 84. Isipofunguka kabisa, au ikiwa wazi ingali baridi, itupe na uweke mpya.

Maji yenyewe ni suala la pekee katika mwambao. Visima vingi vya Dar es Salaam vina maji ya chumvi, na maji hayo yakiwekwa ndani ya rejeta hujenga magamba, hula alumini ya injini na huiozesha pampu ya maji. Tumia kulanti, yaani kimiminika maalumu cha kupoozea injini, ile ya rangi nyekundu au ya waridi inayofaa Toyota, iliyochanganywa tayari au iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji yasiyo na madini. Maji yanayouzwa kwa ajili ya kuongezea betri yanafaa, lakini soma chupa vizuri, kwa kuwa katika maduka mengine asidi ya betri huitwa jina hilo hilo la maji ya betri. Baada ya kujaza, acha kifuniko wazi, washa injini na uweke kipashajoto cha ndani kwenye joto la juu. Kiwango kikishuka ongeza, hadi feni izunguke mara mbili na vipovu viishe. Hewa iliyonaswa ndani hudanganya sensa na kuchemsha gari ambalo halina ubovu wowote.

Magari mengi madogo hayana mshale wa joto, yana taa ya buluu ambayo huzimika injini ikipata joto, na nyekundu inayowaka wakati tayari ni hatari. Nyekundu ikiwaka, zima kiyoyozi, egesha mahali salama, zima injini, na usiguse kifuniko kwa muda usiopungua nusu saa. Usimwagie injini ya moto maji baridi wala usiyamimine ndani yake, kwa sababu kichwa cha silinda cha alumini hupinda kwa mshtuko huo.

Kama maji hupungua na huoni yanapovujia, chunguza gasketi ya kichwa cha silinda. Dalili zake ni hizi: vipovu visivyokoma ndani ya rejeta injini ikinguruma, mipira ya maji kuwa migumu dakika chache tu baada ya kuwasha gari lililolala usiku kucha, moshi mweupe usiokwisha hata injini ikipata joto, na oili yenye rangi ya chai ya maziwa. Ukiona mbili kati ya hizo pamoja, usiliendeshe gari hilo hadi gereji, livutwe.

Betri inayokwisha kila baada ya siku mbili tatu

Gari langu lilipokuwa jipya kwangu lilikataa kuwaka kila asubuhi ya siku ya tatu. Gereji ya kwanza iliniuzia betri, na baada ya wiki mbili nikarudi pale pale nilipoanzia. Nikanunua alteneta iliyotumika, yaani jenereta ya gari inayochaji betri, nayo haikubadili kitu. Hatimaye nilipokaa na multimita mwenyewe Jumapili moja, nikagundua kwamba boksi la kengele ya wizi lililofungwa na mmiliki aliyetangulia lilikuwa likinyonya ampea 0.4 usiku na mchana. Hesabu yake ni nyepesi: ampea 0.4 kwa saa 24 ni ampea-saa 9.6 kwa siku, na kwa siku tatu ni karibu 29, katika betri ndogo ambayo uwezo wake ulikuwa ampea-saa 36. Betri yoyote mpya ningeinunua ingekufa siku ile ile.

Nawasihi wasomaji wafuate mpangilio nilioujifunza kwa gharama hiyo. Kwanza, pima betri gari likiwa limezimwa kwa saa kadhaa: volti 12.6 ni betri iliyojaa, 12.2 ni karibu nusu, na chini ya 12 imekwisha. Mtu mwingine apige stata huku ukitazama multimita. Betri iliyojaa ikishuka chini ya volti 9.6 wakati stata inazungusha, ndiyo iliyochoka. Pili, injini ikinguruma, volti kwenye vichwa vya betri ziwe kati ya 13.5 na 14.5, na zisishuke sana ukiwasha taa kubwa, feni ya kiyoyozi na kifuta ukungu cha kioo cha nyuma kwa pamoja. Zikibaki 12 na kitu, tazama kwanza mkanda kama umelegea au unateleza, kisha brashi za kaboni ndani ya alteneta, ambazo hubadilishwa peke yake kwa bei ndogo kuliko alteneta nzima. Volti zikipita 15, kidhibiti chake kimeharibika nacho kinapika betri.

Katika gereji nyingi hupimwa alteneta kwa kuchomoa kichwa cha betri injini ikinguruma, na gari lisipozima fundi hutamka kwamba alteneta ni nzima. Usikubali kipimo hicho katika gari lenye kompyuta. Betri ndiyo inayotuliza mawimbi ya umeme wa alteneta. Ikitolewa ghafla volti huruka kwa kiwango kinachoweza kuua kompyuta ya injini, redio na mfumo wa mifuko ya hewa kwa sekunde moja.

Tatu, tafuta kinachonyonya umeme. Zima kila kitu, funga milango, hakikisha taa ya ndani imezimika, fungua kichwa cha hasi cha betri, weka multimita kwenye ampea 10 na uiunganishe kati ya kichwa hicho na nguzo ya hasi. Usipige stata wala kuwasha swichi wakati huo, la sivyo utaunguza mita. Subiri nusu saa ili kompyuta zilale, kisha soma. Kiasi kisichozidi ampea 0.05 ni cha kawaida. Kikizidi, chomoa fyuzi moja baada ya nyingine huku ukitazama mita. Fyuzi itakayoishusha namba hiyo ndiyo inayolisha mhalifu. Iwapo hakuna fyuzi inayobadilisha kitu, tazama nyaya zilizoungwa moja kwa moja kwenye betri, na pia alteneta yenyewe, kwa sababu diodi iliyovuja hurudisha umeme kinyumenyume.

Kwa uzoefu wa magari ya hapa, washukiwa wa kwanza ni vitu vilivyoongezwa baada ya gari kutoka kiwandani: kengele ya wizi, kifaa cha kufuatilia gari, spika kubwa zenye amplifaya, na redio. Redio za Japani hupokea mawimbi ya FM kuanzia megahezi 76 hadi 90 au karibu na hapo, wakati stesheni zetu ziko kati ya 88 na 108, kwa hiyo karibu kila gari la mtumba limefungwa kigeuza mawimbi nyuma ya redio au limebadilishiwa redio yote. Fungua hapo uangalie jinsi nyaya zilivyoungwa. Mara nyingi zimesokotwa kwa vidole na kuvikwa utepe ambao gundi yake imeyeyuka kwa jua, na umeme wa swichi umechukuliwa kwenye waya wenye umeme muda wote.

Waya wa hasi unaoshika bodi na injini, ambao mafundi huuita ethi, unastahili maneno ya peke yake, kwa sababu chumvi ya hewa ya pwani huula taratibu pasipo mtu kuona. Ethi ikishika vibaya, taa za mbele hufifia, stata huzunguka kwa uvivu, sensa hutoa taarifa za uongo na giaboksi hubadilisha gia kwa mshtuko, na kila dalili hukisiwa kuwa ugonjwa tofauti. Kipimo chake ni hiki: weka mita kwenye volti, ncha yake moja kwenye nguzo ya hasi ya betri yenyewe, nyingine kwenye chuma kitupu cha injini, kisha stata ipigwe. Ukisoma zaidi ya volti 0.5, waya huo au viungo vyake vimeoza. Fungua bolti zake, sugua kwa brashi hadi chuma king'ae, kaza upya na upake grisi. Kazi hii huchukua dakika ishirini, na nimeiona ikitibu magari yaliyokuwa yameandikiwa stata na kompyuta mpya.

Stata inayotoa mlio mmoja wa "tak" na kunyamaza, ilhali betri na ethi ni vizima, kwa kawaida imekula vipande vya shaba vya mguso vilivyo ndani ya solenoidi, ile swichi ya sumaku iliyo juu ya stata. Vipande hivyo huuzwa peke yake, na katika Gerezani, Kariakoo, wapo mafundi wa stata na alteneta wanaovibadilisha ukiwa unasubiri.

Na fyuzi ikiungua, iwekwe nyingine ya namba ile ile. Ikiungua tena, upo waya uliochubuka mahali fulani. Anayeweka fyuzi kubwa zaidi, au kipande cha waya, amehamisha mahali pa kuungua kutoka kwenye fyuzi hadi ndani ya dashibodi.

Injini inapomisi au kukataa kuwaka

Injini ya 1NZ-FE ina koili nne za kuzalisha umeme wa cheche, moja juu ya kila plagi, na muundo huo hurahisisha uchunguzi. Kodi P0301 hadi P0304 hutaja silinda inayomisi, yaani isiyochoma petroli yake ipasavyo, P0301 ikiwa ya kwanza upande wa mkanda. Usikimbilie kununua koili. Hamisha ile ya silinda inayotajwa, uiweke kwenye silinda jirani, futa kodi na uendeshe. Tatizo likihama pamoja na koili, koili ndiyo mbovu. Likibaki pale pale, hamisha plagi vivyo hivyo. Likiendelea kubaki, ndipo ufikirie nozeli ya mafuta au mgandamizo wa silinda. Asiye na kifaa cha kusoma kodi azime injini, achomoe soketi ya koili moja, awashe na asikilize, kisha arudie kwa zote nne. Silinda ambayo kuchomolewa kwake hakubadilishi mngurumo ndiyo isiyofanya kazi. Jaribio liwe la muda mfupi, kwa sababu petroli isiyoungua huharibu kisafisha moshi.

Unapotoa koili, mulika tochi ndani ya shimo la plagi. Ukikuta oili, gasketi ya kifuniko cha valvu imekuwa ngumu na oili hiyo huila mipira ya koili. Ukikuta maji, ulizia ni lini injini ilioshwa. Kuosha injini kwa mashine ya shinikizo ni chanzo kikubwa cha kumisi na cha kutu ndani ya soketi za nyaya, na sijaona faida yake zaidi ya kumpendezesha mnunuzi. Plagi ziwe na mwanya wa milimeta 1.1 kama kiwanda kilivyoagiza, na zinunuliwe mahali unapopaamini, kwa kuwa bandia ni nyingi.

Kodi P0171 husema hewa ni nyingi kuliko petroli. Kabla ya kuilaumu pampu ya mafuta, kagua mipira ya hewa kama imepasuka, kisha safisha sensa ya kupima hewa kwa dawa yake maalumu bila kuigusa kwa kitambaa wala kidole. Pampu ya mafuta nayo imo ndani ya tangi na hupozwa na petroli yenyewe inayoizunguka. Desturi yetu ya kujaza kidogo kidogo na kuendesha taa ya mafuta ikiwaka kutwa huifanya ifanye kazi katika joto na kunyonya uchafu wa chini ya tangi. Kutunza angalau robo ya tangi ni matengenezo tosha kwa pampu hiyo.

Gari linalozima ghafla likishapata joto na kukubali kuwaka tena likipoa nusu saa huwasumbua wengi. Mshukiwa mkuu ni sensa ya mzunguko wa shafti kubwa ya injini, kodi P0335, ambayo koili yake ya ndani hukatika inapopanuka kwa joto. Ipime ukinzani wake wakati gari limezima likiwa la moto, kwa sababu likipoa kipimo kitaonyesha ni nzima.

Oili na moshi

Vuta kijiti cha oili kila wiki, gari likiwa mahali tambarare na limezimwa kwa dakika kadhaa. Injini ya 1NZ-FE huchukua lita 3.7 pamoja na chujio, na alama mbili za kijiti zina umbali wa karibu lita moja na nusu, kwa hiyo anayesubiri taa nyekundu ya oili iwake amechelewa mno: taa ile hupima shinikizo, haipimi kiasi.

Moshi wa buluu unaotoka asubuhi injini inapowashwa kisha ukaisha huashiria mipira ya valvu iliyokauka. Moshi unaotoka unapokanyaga mafuta kupanda mlima ni wa ringi za pistoni, na jamaa wa injini yetu, 1ZZ-FE, iliyomo katika Spacio na Premio za cc 1,800 za mwanzo, ilijulikana sana kwa kula oili kwa sababu hiyo. Kabla ya kukubali kushusha injini, toa valvu ndogo ya kupumua iliyo juu ya kifuniko cha injini na uitikise karibu na sikio. Ikilia "chak chak" ni nzima. Ikinyamaza imeziba, na injini inaweza kula oili kwa sababu yake tu.

Oili nzito haitibu injini hii. Inahitaji nyepesi ya aina ya 5W-30, kwa kuwa mfumo wake wa kubadilisha muda wa valvu huendeshwa kwa shinikizo la oili kupitia njia nyembamba zenye kichujio kidogo. Mnyororo wake wa taimingi, ambao haubadilishwi kila baada ya kilomita 100,000 kama mikanda ya injini za zamani, nao hutegemea oili safi. Mlio wa kukwaruza upande wa mkanda unaosikika sekunde chache baada ya kuwasha ni dalili kwamba umelegea.

Giaboksi, miguu na breki

IST ya kwanza ina giaboksi ya otomatiki ya gia nne inayotumia hidroliki ya aina ya T-IV. Vitz na Passo za baadaye zina giaboksi ya mkanda wa chuma yenye hidroliki yake tofauti, na kuzichanganya hizo mbili huua giaboksi ndani ya muda mfupi, kwa hiyo soma maandishi ya kijiti au kitabu cha gari na usimame kando wakati fundi anapomimina. Hidroliki yenye harufu ya kuungua na rangi ya kahawia iliyoiva ni ishara mbaya kwa mnunuzi.

Chini ya gari milio hujieleza. "Ka-ka-ka" unapokata kona huku ukikanyaga mafuta ni jointi ya nje ya eksili, na mara nyingi ilianza na mpira wake kupasuka na kuingiza mchanga. Mvumo unaopanda na mwendo na kubadilika ukiyumbisha usukani ni beringi ya gurudumu. Kugonga kwenye matuta madogo huwa ni linki za stabilaiza au bushi, na si shokapu kila mara. Inua gurudumu, likamate juu na chini ulitikise, kisha kushoto na kulia, usikie lilipolegea. Pedi za breki zikibaki milimeta 3 zibadilishwe, na mafuta ya breki yabadilishwe kila miaka 2, kwa sababu hufyonza unyevu wa hewa na unyevu huo hugeuka mvuke breki zinapopata joto mteremkoni.

Unapolikagua gari kabla ya kulinunua

Agiza gari lisiwashwe kabla hujafika, na uguse boneti kuhakikisha ni baridi. Washa swichi bila kupiga stata na utazame dashibodi: taa ya injini, ya oili, ya betri, ya ABS (mfumo unaozuia magurudumu kujifunga unapokanyaga breki) na ya mifuko ya hewa zote ni lazima ziwake, kisha zizime kila moja kwa wakati wake. Taa isiyowaka kabisa ni mbaya kuliko inayobaki imewaka, kwa sababu huenda balbu yake imetolewa au waya wake umeungwa na wa taa nyingine ili kukuficha hitilafu, na kwa taa ya mifuko ya hewa ulaghai huo unahusu uhai wa watakaokaa ndani.

Ukishalinunua, andika katika daftari lako tarehe, kilomita, volti za betri likiwa limezimwa na likinguruma, kiwango cha oili na cha kulanti, na kila kipuri kilichofungwa. Ukimpelekea fundi gari, usimwambie "alteneta imekufa", mwambie "linachaji volti 12.8 taa zikiwa zimewashwa, na mkanda hautelezi." Mwombe akuonyeshe kipimo chake kabla ya kukutuma dukani, na akishamaliza akurudishie kipuri cha zamani ukione.